Mlinganyo Unapokataa Kulingana na Vipimo: Dalili za Makosa katika y = mx + c na Vyanzo Vyake

Mwanafunzi anayepewa mlinganyo y = 3x + 2 na kuambiwa auchore kwenye karatasi ya grafu huwa hana taabu kubwa. Taabu huanza siku anapowekewa mbele yake mizani, jagi la kupimia na dumu la mawese, akaambiwa apime kisha aandike mlinganyo yeye mwenyewe. Namba anazozipata hapo hazina adabu ya namba za kitabuni: haziishii kwenye namba nzima, hazikai zote juu ya mstari mmoja, na hakuna ukurasa wa nyuma wa kuchungulia jibu. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekwisha kupima, akachora, akakokotoa, na sasa ana mlinganyo ambao haumwingii akilini. Nimeupanga kwa dalili, yaani kwa kile kinachoonekana kwanza, kwa sababu aliyekosea hujua kwamba jambo limeharibika muda mrefu kabla ya kujua limeharibikia wapi.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Katika y = mx + c, herufi x ni kile tunachokipanga wenyewe, kama vile idadi ya lita tunazomimina, na y ni kile tunachokisoma baada ya kupanga, kama vile kilo zinazoonekana kwenye mizani. Herufi m ni mteremko, yaani kiasi ambacho y huongezeka au hupungua kila x inapoongezeka kwa moja. Herufi c ni kikato, yaani thamani ya y wakati x ni sifuri, mahali ambapo mstari unakata mhimili wima. Watu wengi huishia hapo. Mimi huongeza kwamba m na c si namba tupu, bali kila moja ina kipimo chake: katika mfano wa mawese, m ni kilo kwa lita, na c ni kilo. Atakayeviandika vipimo hivyo kila mara atakuwa amejiokoa na nusu ya matatizo yanayofuata.

Vipimo nitakavyovitumia kwa sehemu kubwa vilipatikana katika masomo ya jioni hapa Kigoma, mtaa wa Gungu, kwa mizani yenye vijigawanyo vya gramu 50. Tulimimina mawese katika dumu la plastiki la lita 20, tukapima dumu pamoja na mawese yake:

lita 2: kilo 2.90
lita 5: kilo 5.65
lita 8: kilo 8.40
lita 12: kilo 12.00
lita 16: kilo 15.65
lita 20: kilo 19.30

Tukichukua kipimo cha kwanza na cha mwisho, y imepanda kwa 16.40 na x kwa 18, hivyo m ni 16.40 ÷ 18, sawa na 0.911. Kisha c ni 2.90 − 0.911 × 2, sawa na 1.08. Mlinganyo wetu ni y = 0.911x + 1.08. Lita moja ya mawese ina gramu 911 hivi, jambo linaloingia akilini kwa sababu mafuta huelea juu ya maji, na lita moja ya maji ni karibu kilo moja. Na ile 1.08? Hapo ndipo penye swali ninalomwuliza kila mtu kabla ya jingine lolote: c yako ni ya nini? Kama lita ni sifuri na mizani bado inasoma kilo 1.08, basi hizo ni kilo za dumu lenyewe. Tulilipima dumu likiwa tupu, tukapata 1.10. Mlinganyo umekubaliana na kitu ambacho hatukuuambia, na hakuna uthibitisho ninaoupenda zaidi ya huo.

Dalili: kikato ni kikubwa kuliko inavyowezekana

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na sina haki ya kulicheka, maana nililifanya mwenyewe mbele ya watu. Miaka ya nyuma, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilichora grafu ya namna hiihii ubaoni, nikasoma mahali mstari ulipokutana na mhimili wima, nikaandika kwa kujiamini y = 0.91x + 2.9. Mama mmoja muuza mawese, ambaye dumu lilikuwa lake na alikuwa amekuja kulichukua, akaniuliza ile 2.9 ni nini. Nikamweleza kwamba ni uzito wa dumu. Akalichukua dumu tupu, akaliinua mbele ya darasa kwa kidole kimoja, akasema: "Mwanangu, hizi ni kilo tatu?"

Chanzo kilikuwa mhimili mlalo. Kwa kuwa kipimo changu cha kwanza kilikuwa lita 2, nilianza kuandika namba za mhimili kwa 2, nikauchora mhimili wima juu ya hiyo 2 ili nisipoteze karatasi. Mstari uliukata kweli mhimili huo kwenye 2.9, lakini mhimili wenyewe haukuwa umesimama penye x = 0. Nilichosoma ni uzito wa dumu lenye lita mbili ndani yake. Simu na kompyuta hufanya kosa hili kimyakimya, kwa sababu programu nyingi za grafu huanzisha mhimili karibu na kipimo kidogo kuliko vyote bila kumwuliza mtu.

Namna ya kulitambua ni kuurudisha mlinganyo kwenye vipimo vyake. Weka x = 20 katika y = 0.91x + 2.9, utapata 21.1, wakati mizani ilisema 19.30. Pengo la karibu kilo mbili si la mkono kutikisika. Usijaribu kwa kipimo cha kwanza peke yake. Chukua kile kilicho mbali zaidi na mahali ulipopatia c, kwa sababu mlinganyo mbovu huweza kupita vizuri karibu na pale ulipozaliwa ukaharibika unapofika mbali.

Marekebisho ni mawili, na lolote linatosha. Ama uanzishe mhimili mlalo kwa sifuri na kuurefusha mstari kwa rula hadi uguse mhimili wima, ama uache kabisa kusoma kikato kwa macho na ukikokotoe kwa c = y − mx ukitumia nukta yoyote iliyo juu ya mstari. Mimi sasa hufanya yote mawili, na yakitofautiana sigusi jambo jingine hadi nijue kwa nini.

Dalili: watu wawili wana vipimo vilevile lakini vikato tofauti

Wanafunzi wawili walioketi dawati moja huja na y = 0.9x + 1.1 na y = 0.9x + 1.3, kila mmoja akiapa kwamba hakukosea hesabu, na wote wawili wanasema kweli. Walichofanya ni kuukata mteremko mapema, kutoka 0.911 hadi 0.9. Wa kwanza akatumia nukta ya lita 2, akapata 2.90 − 1.80 = 1.10. Wa pili akatumia nukta ya lita 20, akapata 19.30 − 18.00 = 1.30. Ule mteremko uliokatwa umepoteza gramu 11 kwa kila lita. Kwa lita mbili hasara haionekani, kwa lita ishirini inafika gramu 220. Basi tunza tarakimu tatu au nne za m hadi mwisho wa kazi, ukate baada ya kupata c.

Tofauti ya aina hii hutokea pia pale mtu anapochagua nukta mbili zilizokaribiana. Mizani yetu inaweza kukosea gramu 50 juu au chini kwa kila usomaji. Ukichukua lita 2 na lita 5, y imepanda kwa 2.75, lakini kwa makosa hayo inaweza kuwa 2.65 au 2.85, na ukigawanya kwa 3 mteremko unaangukia popote kati ya 0.88 na 0.95. Ukichukua lita 2 na lita 20, makosa yaleyale yanagawanywa kwa 18, na mteremko unabaki kati ya 0.906 na 0.917. Mizani ni ileile na mkono ni uleule, ila nukta zimeachana zaidi.

Nukta za kutumia zitoke kwenye mstari uliochora, si lazima zitoke kwenye jedwali. Mtu akiuchora mstari vizuri ukapita katikati ya nukta zote, halafu akaenda kuchagua vipimo viwili vya jedwalini ambavyo havikukaa juu ya mstari huo, ameutupa mstari na kurudi kwenye vipimo viwili. Asiyeuamini mkono wake anaweza kutumia njia ya miraba midogo kabisa, yaani kutafuta mstari ambao mapengo ya wima kati yake na nukta, yakipigwa mraba na kujumlishwa, hutoa jumla ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Njia hii aliichapisha Mfaransa Legendre mwaka 1805, na vikokotoo vya sayansi huifanya kwa kubonyeza vitufe vichache. Mstari wa njia hiyo hupita daima kwenye wastani wa x na wastani wa y. Wastani wa lita zetu ni 10.5 na wa kilo ni 10.65; njia hiyo inatoa m = 0.910 na c = 1.09, karibu zaidi na lile dumu tupu la kilo 1.10 kuliko hesabu yetu ya nukta mbili. Ila kikokotoo hakijui maana ya namba unazokilisha. Ukibadilishana safu mbili kitakupa jibu safi kabisa la swali ambalo hukuuliza, na hilo linatupeleka kwenye dalili inayofuata.

Dalili: mteremko umepinduka

Ukipata m = 1.10 badala ya 0.91, usitafute kosa kwenye mizani. Gawanya 1 kwa jibu lako; likitoka lile ulilolitarajia, umegawanya mabadiliko ya x kwa mabadiliko ya y. Ulichopata ni lita kwa kilo, namba halali lakini ya mlinganyo mwingine. Aliyeandika vipimo pembeni mwa namba hanaswi hapa, kwa kuwa kalamu yenyewe humwambia.

Dalili: kitu kinachopungua kinaonekana kinaongezeka, au kinaisha siku isiyowezekana

Mtungi wa gesi ya kupikia ni mwalimu mzuri wa mteremko hasi. Chukua mtungi mdogo wenye gesi kilo 6, ambao kwenye chuma chake pameandikwa kwamba ukiwa mtupu una kilo 6.5. Ukipimwa siku ya 4 baada ya kujazwa unasoma 11.5, siku ya 16 unasoma 8.5. Mtu mwenye haraka hutoa kidogo kwenye kikubwa kila mahali: juu anaandika 11.5 − 8.5, chini 16 − 4, anapata 0.25 bila alama ya kutoa. Kisha c inakuwa 11.5 − 1 = 10.5, na mlinganyo wake unatabiri kwamba siku ya 16 mtungi una kilo 14.5, kana kwamba kila ugali unaopikwa unaongeza gesi. Ukianza na nukta ya siku ya 16 juu, anza nayo na chini pia: 8.5 − 11.5 juu ya 16 − 4, ambayo ni −0.25. Kisha c = 11.5 − (−0.25 × 4) = 12.5, na hiyo 12.5 inajieleza yenyewe, kwa kuwa 6.5 za chuma na 6 za gesi zinafanya 12.5.

Kosa la pili katika mtungi huohuo ni la kufikiri, na huwapata hata walioweka alama zote vizuri. Wakiulizwa gesi itaisha lini, huandika 0 = −0.25x + 12.5 na kupata siku ya 50. Hakuna jiko la familia ninalolijua ambalo kilo sita zimefika huko kwa matumizi hayo. Walichouliza ni siku ambayo mtungi wenyewe, chuma na yote, utakuwa hauna uzito. Gesi huisha y inapofika 6.5, na hiyo ni siku ya 24. Sifuri kwenye karatasi na mwisho wa kitu chenyewe ni mambo mawili, na anayejua c yake imeundwa na nini hawezi kuyachanganya.

Dalili: m ni sahihi lakini c si sahihi, au kinyume chake

Dalili hii inafaa kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu inaonyesha kosa liko kwenye chombo gani. Kosa linalojiongeza kwa kiasi kilekile katika kila usomaji wa y huhamisha c na kuuacha mteremko bila kuugusa. Mizani ya kuning'iniza ambayo mshale wake unasimama kwenye gramu 200 wakati hakuna kitu kwenye ndoana itafanya kila kipimo kiwe kikubwa kwa 0.20; mteremko utabaki 0.91, lakini c itakuwa 1.29, na dumu litaonekana zito kuliko lilivyo. Dawa ni kurudisha mshale kwenye sifuri kabla ya kuanza, na ukikumbuka umechelewa, toa 0.20 kwenye c pekee. Huna haja ya kupima upya.

Kosa linalozidisha ndilo linaloharibu mteremko. Kopo la lita moja lililobonyea ubavuni, ambalo kwa kweli linabeba lita 0.95, litakufanya uhesabu lita moja kila unapomimina pungufu yake. Dumu tupu litabaki kilo zake, c haitatikisika, lakini m itashuka hadi 0.86 hivi, na mtu atadhani mawese ya mwaka huu ni mepesi. Mawese yaliyotoka jikoni sasa hivi yakiwa moto nayo hushusha mteremko kidogo, kwa sababu mafuta yakipata joto hupanuka na lita moja hubeba mafuta machache zaidi. Subiri yapoe, na upime yote siku moja.

Kuna aliyeniuliza kama njia hii inaweza kumnasa mchuuzi anayetia maji kwenye mawese. Kwa mizani kama yetu, hapana. Maji ya sehemu moja kwa kumi yatapandisha mteremko kutoka 0.910 hadi 0.919 tu, tofauti ambayo inakaribia kumezwa na makosa ya kusoma niliyoyaeleza juu. Jirani zetu wa Tabora wana bahati zaidi na asali yao: lita moja ya asali nzuri ina karibu kilo 1.42, na maji ya kiasi hichohicho huishusha hadi 1.38 hivi, pengo ambalo mizani ya kawaida inaliona mtu akipima kwa madumu makubwa na nukta zilizoachana.

Dalili: nukta zimejipanga kwenye mistari miwili iliyo sambamba

Ukiona nukta zimekaa makundi mawili, kila kundi likiwa na mteremko uleule lakini yamepishana kama reli mbili, tafuta kitu kilichobadilika katikati ya kazi: mizani nyingine, dumu jingine, mpimaji mwingine. Kwetu kuna chanzo kimoja ambacho vitabu vilivyoandikwa kwingine haviwezi kukitaja, nacho ni saa.

Vijana wawili walipewa kazi ya kupima kina cha maji katika tangi la plastiki huku pampu ikijaza. Daftari lilisomeka hivi: saa 2, sentimita 40, saa 4, sentimita 64, saa 11, sentimita 76, saa 13, sentimita 100. Wa kwanza alihesabu saa kwa Kiswahili, wa pili akasoma kwenye simu. Atakayeunganisha mwanzo na mwisho atapata 60 ÷ 11, yaani sentimita 5.45 kwa saa, chini ya nusu ya ukweli. Angalia kila kundi peke yake: 64 − 40 ni 24 kwa saa mbili, na 100 − 76 ni 24 kwa saa mbili. Pampu inajaza sentimita 12 kwa saa asubuhi yote. Saa 11 ya simu ni saa 5 ya Kiswahili, na 13 ni saa 7; ukitoa 6 kwenye vipimo vya kijana wa pili, nukta zote nne zinalala juu ya y = 12x + 16 bila hata moja kutoka nje.

Zingatia kinachotokea ukiamua kufuata simu kwa wote wawili. Mteremko haubadiliki, lakini mlinganyo unakuwa y = 12x − 56. Kikato cha kwanza, 16, ni kina cha maji saa kumi na mbili asubuhi, pale hesabu ya Kiswahili inapoanzia sifuri, nacho kina maana ikiwa pampu ilikuwa imewashwa alfajiri hiyo. Kikato cha pili kinadai kwamba usiku wa manane tangi lilikuwa na sentimita 56 chini ya utupu. Milinganyo yote miwili ni sahihi kwa asubuhi ile. Tofauti ni kwamba mmoja una c inayoweza kukaguliwa na mwingine hauna. Kwa sababu hiyo napendelea x ihesabiwe tangu pampu ilipowashwa, si kwa saa ya ukutani wala ya simu. Njia hiyo inaondoa pia tatizo la saa 12 kurudi kuwa saa 1, ambalo huikata grafu vipande viwili.

Na saa tatu na nusu ni 3.5, si 3.30. Dakika 20 ni 0.33 ya saa. Kosa hili halitoi mistari sambamba, hutoa nukta zinazorukaruka bila mpango, na kwa hiyo watu hulilaumu tangi.

Dalili: mstari umenyooka katikati lakini umepinda miisho

Tulipima urefu wa springi tukiitundikia mawe ya mizani. Bila kitu ilikuwa sentimita 6.0. Kwa gramu 50 ilibaki 6.0. Kwa gramu 100 ikawa 6.3, kwa 200 ikawa 8.3, kwa 300 ikawa 10.3, kwa 400 ikawa 12.3, kwa 500 ikawa 14.3, na kwa 600 ikaruka hadi 17.1. Mwanafunzi mmoja alisisitiza kwamba c lazima iwe 6.0, kwa kuwa ndio urefu wa springi tupu, naye alikuwa ametumia swali langu la "c ni ya nini" kama nilivyomfundisha. Lakini mstari unaopita kati ya gramu 100 na 500 ni y = 0.02x + 4.3, na hauwezi kulazimishwa kupita kwenye 6.0 bila kuharibu vipimo vitano.

Chanzo ni springi yenyewe. Mizunguko yake ilitengenezwa ikiwa imebanana, na gramu za kwanza zinatumika kuilegeza tu kabla haijaanza kurefuka; mlinganyo unafika 6.0 penye gramu 85, na hapo ndipo springi ilipoanza kuachia. Hivyo 4.3 ni urefu ambao springi ingekuwa nao kama mizunguko ingeweza kuingiana, jambo lisilowezekana. Kwa upande wa pili, gramu 600 zingepaswa kutoa 16.3, ile 17.1 inaonyesha kwamba chuma kimevutwa kupita ustahimilivu wake, na springi hiyo haitarudi tena kwenye 6.0. Nukta za miisho hazikukosewa, ziache jedwalini, ila usizitumie kutafuta m, na uandike pembeni ya mlinganyo kwamba ni wa x kuanzia 100 hadi 500.

Dalili: nukta zimetulia, hesabu imetulia, jibu bado si la kweli

Hii ndiyo ngumu, kwa sababu hakuna kitu kwenye karatasi kinachopiga kelele. Mfano wake mzuri uko kwenye sufuria. Unapotengeneza alama za kipimajoto kisicho na namba, unakitia kwenye barafu inayoyeyuka, safu ya kimiminika inasimama sentimita 4.0, unakitia kwenye maji yanayochemka, inasimama 22.0. Kitabu kinasema nyuzi 0 na nyuzi 100, basi m ni 100 ÷ 18, na mlinganyo ni y = 5.56x − 22.2. Lakini Kigoma hatuko usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko zaidi ya mita 770 juu yake, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji yanachemka kwa nyuzi 97.4 hivi, Tabora, palipo juu zaidi, kwa nyuzi 96. Mteremko wa kweli wa kipimajoto hicho kando ya ziwa ni 97.4 ÷ 18, na mlinganyo ni y = 5.41x − 21.6. Safu ikisimama kwenye sentimita 10, wa kwanza anasoma 33.3 na wa pili 32.5. Kosa la karibu nyuzi moja limetoka kwenye namba ambayo hakuna aliyeipima, iliyoingizwa jedwalini kwa sababu kila mtu anaijua.

Ndugu ya kosa hilo ni kuurefusha mstari kupita pale vipimo vilipoishia. Ziwa letu lenyewe liliwahi kutoa onyo. Mvumbuzi Mwingereza Cameron alipofika kwenye mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa, ambao ndio njia ya maji ya ziwa kutokea, mwaka 1874, aliukuta umezibwa na matete na takataka, na mvumbuzi mwenzake Stanley mwaka 1876 akaukuta bado haujafunguka, huku maji ya ziwa yakizidi kupanda. Mtu ambaye angesimika mti wa kupimia ufukweni Ujiji na kusoma kila mwezi angeandika mlinganyo wenye mteremko chanya, nukta zikiwa zimekaa vizuri, na angewaambia watu wahamishe nyumba juu zaidi. Kisha kizibo kikavunjika. Mwaka 1879 mmisionari Hore aliukuta Lukuga ukitiririka kwa nguvu kuelekea Kongo, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ukashuka kwa takriban mita 10. Hakuna hesabu iliyokosewa hapo. Kilichokosekana ni maneno machache baada ya mlinganyo, ya kusema vipimo vilianzia wapi na kuishia wapi.

Mlinganyo wa mawese ninaouandika ubaoni siku hizi ni y = 0.91x + 1.09, kilo, kwa x kuanzia 2 hadi 20. Hiyo 20 imo kwa sababu dumu letu likizidishwa lita moja na nusu juu yake hufurika kwenye mizani, na mawese yakishaingia kwenye mizani, c huanza kupanda yenyewe.